Karatasi ya mistari minne

 Leo siandiki juu ya mahindi wala mbolea. Niko na neno juu ya maandishi mafupi sana ambayo wengi wenu mko nayo ndani ya simu: ile karatasi ya mistari minne, iliyoandikwa kwa biki ya bluu, ikapigwa foto, ikatembea kutoka simu hadi simu. Juu yake imeandikwa: Linux, skrini nyeusi, dawa. Nataka tuisome pamoja mstari kwa mstari, vile tulivyokuwa tunasoma memwari ya mtu siku ya kuitetea. Sina ugomvi na aliyeiandika, simjui. Ila niliifuata mwenyewe, niliiweka kwenye mashini tatu za watu, na moja katika zile tatu ilitugharimu.

Mashini yenyewe ni laptopu ya mkono wa pili ya mwenzetu wa promosyo, mwanamke wa agronomia kama mimi, anayekaa upande wa Kingamyambo. Ndani iko na kadi mbili za grafiki: ndogo ya Intel, iliyokaa pamoja na prosesa, na kubwa ya Nvidia. Tulimwekea Linux Mint juu mashini ilikuwa imejaa virusi. Siku ya kwanza ikawaka, nembo ikaonekana, kisha giza. Nikatoa simu, nikafungua ile foto, nikaandika mistari yote minne. Skrini ikarudi. Walinipigia makofi, nikanunuliwa na Fanta.

Sasa sikieni vizuri. Dada huyu alikuwa anachora ramani ya udongo wa bustani za mboga pembeni ya mto Musonoi, kwa QGIS, sampuli arobaini na mbili: pH, shaba, kila kitu. Ilikuwa ya dosie ya kuombea kazi. Mtaani kwake umeme unakatikaka jioni (mabwawa ya Nzilo na Nseke yako hapa karibu, lakini hiyo ni mada ya siku ingine), kwa hiyo usiku anafanya kazi kwa batri. Alipoinunua, batri ilikuwa inafika karibu masaa matatu. Nyuma ya dawa yangu ikawa saa moja na robo. Feni inalia kutwa. Ukiikokota ramani inakuja vipande vipande. Mwanga wa skrini haupungui, na ukifunga kifuniko mashini hailali. Usiku wa mwisho wa dosie ikazima ghafla na kazi ya jioni nzima haijahifadhiwa. Alipeleka dosie bila ramani. Hakunikasirikia. Aliniuliza tu: “Yaya, ulinipatia dawa ya namna gani?”

Sikuwa na jibu. Njo nikaanza kuisoma karatasi, badala ya kuifuata.

Kwanza tuelewane juu ya kitu kinachofungiwa. Kila kadi ya grafiki inahitaji piloti, yaani programu ndogo inayojua kuzungumza nayo. Kwenye Linux piloti nyingi ni moduli zinazoongezwa kwenye kiini cha mfumo. Mashini inapowaka, kila kifaa kinajitambulisha kwa namba. Kadi zote za Nvidia zinabeba namba ya kampuni yao, 10de. Mfumo unaipokea ile namba, unatazama kwenye orodha ya majina ya bandia ya moduli zote, unakuta kwamba kadi ya namna hii inaongozwa na moduli inayoitwa nouveau, unaipakia. Hakuna mtu aliyeiita. Ilikuja yenyewe kwa sababu kadi ilijitaja.

Mstari wa kwanza wa karatasi unasema tuandike “blacklist nouveau” ndani ya faili kwenye folda ya /etc/modprobe.d, na pembeni mwandishi ameweka maelezo: kuifukuza. Hapo ndipo kosa la kwanza, na ni kosa la lugha. Mstari huu haufukuzi mtu. Unaambia mfumo usisikilize tena yale majina ya bandia ya moduli hiyo, basi. Njia ya kuja yenyewe imekatwa, lakini moduli bado iko kwenye diski, na mtu au programu ikiita kwa jina lake kamili, “modprobe nouveau”, inaingia bila kugonga mlango. Anayetaka kufunga kabisa anaandika mstari mwingine, “install nouveau /bin/false”. Tofauti hii inaonekana ndogo mpaka siku unakuta piloti uliyodhani imefukuzwa inakaa sebuleni.

Tena karatasi inaliita faili “blacklist-nouveau”, bila mkia. Faili la folda ile lisipoishia na .conf halisomwi kabisa. Kwenye mashini ya pili niliandika vile vile bila mkia, hakuna kilichobadilika, nikasema mashini ni ya kienyeji. Kumbe wa kienyeji nilikuwa mimi.

Mstari wa pili, “options nouveau modeset=0”, sina la kusema sana. Kama moduli haipakiwi, mstari haufanyi kitu. Ikipakiwa kwa jina, inakuja imefungwa mikono. Ni kamba ya pili juu ya kamba. Tuendelee.

Mstari wa tatu ndio bora kuliko yote, na ndio watu wanaourukaka. “Sudo update-initramfs -u.” Kabla ya diski yako kufunguliwa, mashini inaanza na mfuko mdogo wa faili unaopakiwa kwenye memori, unaoitwa initramfs. Ndani ya mfuko ule kunaweza kuwa na nakala ya nouveau, pamoja na nakala ya zamani ya maagizo yako. Ukibadilisha /etc bila kufunga upya mfuko, piloti inaingia mapema, mbele amri yako haijasomwa. Yeyote aliyeandika mstari huu alikuwa anajua kazi. Ila aliandika kwa watu wa Debian, Ubuntu na Mint tu. Mwenye Fedora anahitaji “dracut --force”, na karatasi haimwambii. Yule wa Fedora anapata jibu kwamba amri haipo, anaenda kulala akiamini Linux ni ya wachawi.

Na sasa mstari wa nne. Hapa bandugu sitakuwa mpole. Unasema tufungue /etc/default/grub, tuongeze neno “nomodeset”, kisha “update-grub”. Neno lile si la nouveau. Linaiambia Linux kwamba piloti yoyote ya grafiki isishike skrini kwa njia yake ya kisasa: ya Nvidia, ya AMD, na hata ile ndogo ya Intel iliyokuwa haina kosa lolote. Kinachobaki ni picha ya msingi inayochorwa na prosesa peke yake. Ndiyo maana ramani ilikuwa inakuja vipande vipande, feni inalia, mwanga haushuki, kifuniko hakilazi mashini. Nomodeset ni taa ya kuingilia ndani ya nyumba yenye giza ili utafute swichi. Karatasi imefanya taa ile kuwa swichi, ikaipigilia ukutani. Sisi wa udongo tunajua mambo haya: ukikuta kona moja ya shamba ina asidi, humwagi chokaa shamba zima bila kupima, juu chokaa ikizidi unaifungia mimea zinki na manganizi iliyokuwa inakula vizuri.

Lakini hata ukifuta mstari wa nne, karatasi bado ina shimo, na shimo hili lilinichukua muda kuliona. Jiulize: mistari ile mitatu ya kwanza ilitoka wapi? Ilizaliwa kwa kazi moja maalum. Nvidia inatoa piloti yake yenyewe, na piloti mbili haziwezi kushika kadi moja kwa wakati mmoja; kwa hiyo kabla ya kuweka ya kampuni unazuia nouveau isitangulie. Ni kufungua nafasi ili mwingine akae. Karatasi yetu ni katikati ya maandishi. Kichwa na mkia vimekatwa. Tumemtoa mfanyakazi kwenye posti, hatukuleta mwingine, tukafunga mlango wa ofisi na taa zikabaki zinawaka ndani. Kwenye laptopu ya kadi mbili, piloti ndiyo inayoilaza kadi kubwa wakati haina kazi. Kadi isiyo na piloti, mara nyingi hakuna wa kuiambia ilale, inabaki inakula batri bila kuchora hata nukta moja. Batri zile zinataka kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka kwetu Kongo, mingi hapa hapa Lualaba. Tuliichimba, ikaenda, ikarudi ndani ya laptopu ya okazyo, na mimi nikaimalizia kwa saa moja na robo.

Mtu atasema: basi kosa ni la nouveau, kwa nini skrini ilikuwa nyeusi tangu mwanzo? Inabidi kuwa wa haki. Nouveau iliandikwa na watu waliokosa karatasi za kadi. Walichunguza kutoka nje jinsi inavyofanya kazi, na piloti yao ikaingia kwenye kiini cha Linux toleo 2.6.33, mwaka 2010. Mwaka 2012, pale Chuo Kikuu cha Aalto, Finland, Linus Torvalds mwenyewe aliitukana Nvidia hadharani, kwa kidole na kwa mdomo, juu ya namna walivyokuwa hawashirikiani. Kisha, kuanzia kadi nyingi za familia ya GTX 900, kadi ikawa inakubali tu programu ya ndani iliyosainiwa na kampuni, na nouveau ikashindwa hata kupandisha kasi yake. Mei 2022 kampuni ilifungua sehemu ya piloti yake inayokaa ndani ya kiini, jambo zuri, lakini kwa kadi za Turing na zilizofuata, yaani za 2018 kuja juu. Laptopu zinazotufikia sisi sokoni nyingi ni za mbele ya hapo. Kwa hiyo ile karatasi inajibu shida ya kweli. Na inarudisha skrini, siwezi kukana; aliye na skrini nyeusi hana hata ile saa moja na robo.

Ila jaribio lina namna yake, na halihitaji kuandika chochote kwenye diski. Washa mashini, shikilia Shift au gonga Esc mpaka menyu ya GRUB ionekane, bonyeza “e”, tafuta mstari unaoanza na neno linux, mwisho wake ongeza “modprobe.blacklist=nouveau”, kisha Ctrl na X. Amri ile inaishi mara moja tu. Ukiwasha tena imekwenda. Mashini ikiwaka, andika “lspci -k” utazame kila kadi inaongozwa na nani. Kwa dada yetu tulikuta Intel iko na piloti yake, i915, inafanya kazi safi kabisa. Chini ya Nvidia hakukuwa na mstari wa piloti. Dakika tano, na ugonjwa wote ulikuwa umejieleza. Kitu hiki ningeweza kukifanya siku ya kwanza, mbele ya Fanta.

Nomodeset tulikuwa tumeshaiondoa. Tukaweka piloti ya Nvidia kupitia dirisha la Mint la kusimamia piloti. Inakula mega nyingi, tuliivuta usiku kwa forfait ya bei ya chini. Kisha “sudo prime-select intel”, tukawasha upya. Na hii tazameni: amri ile nayo inazuia piloti za kadi kubwa zisipakiwe, karibu sawa na mstari wa kwanza wa karatasi. Tofauti ni kwamba kabla ya kufunga mlango inaacha agizo kadi izimwe. Batri imerudi kwenye masaa mawili na nusu, na kifuniko kinalaza mashini. Ramani aliichora upya, sampuli zote arobaini na mbili. Dosie ilikuwa imeshafungwa.

Mashini ya pili nimeirekebisha Jumamosi. Ya tatu ni ya ndugu mmoja wa Fungurume; nimempigia, simu haipatikani. Kama uko pamoja naye huko, mwambie afungue /etc/default/grub, afute neno moja tu, nomodeset, kisha “sudo update-grub”, na akiona giza arudi kwenye ile herufi “e”. Mistari mingine asiiguse, nitakuja kuiangalia mwenyewe.