Debe Tupu au Ngoma Nzima? Juu ya Santuri ya Kwanza ya The Sonics

Wahenga walisema kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Ni methali njema ya kumpimia mtu mwenye maneno mengi na vitendo haba; lakini tukiipeleka katika muziki yataka hadhari, maana ni rahisi kuigeuza juu chini na kudai kwamba kila kivumacho ni kitupu. Ngoma nayo yavuma, wala hapana aisemaye kuwa ni debe. Nia yangu hapa ni kuichukua santuri moja ivumayo kupita kiasi, na kuuliza kama ndani yake mna kitu au hamna. Santuri hiyo ni Here Are The Sonics, iliyotolewa mwaka 1965 na vijana watano wa mji wa Tacoma, jimbo la Washington, Marekani.

Tacoma ni mji wa bandari na viwanda, si mbali na Seattle, ambako kampuni ya Boeing iliunda ndege zake, na ni jirani na kiwanja cha ndege za kijeshi cha McChord. Jina la bendi lakumbusha mshindo wa ndege ipitayo kasi ya sauti. Larry Parypa alipiga gitaa, ndugu yake Andy gitaa la besi, Rob Lind saksafoni, na Bob Bennett ngoma. Gerry Roslie alipiga kinanda na kuimba. Nyimbo zao zilinaswa Seattle na fundi Kearney Barton kwa mashine yenye njia mbili tu, na yasimuliwa kwamba ngoma zote zilitegewa mikrofoni moja. Kampuni iliyoitoa santuri ilianzishwa na wanamuziki wa The Wailers, bendi ya wakubwa wao wa Tacoma ambayo haihusiani na ile ya Jamaika. Kampuni hiyo iliitwa Etiquette, yaani adabu. Msomaji atakayeisikiliza santuri hii hatakosa kutabasamu.

Kwa maana adabu ya kawaida hamna. Gitaa lakwaruza kama bati likokotwalo juu ya mawe. Ngoma zapigwa kana kwamba mpigaji ana deni nazo. Mwimbaji hapazi sauti tu, bali apiga yowe hadi sauti yapasuka. Muziki wa namna hii baadaye uliitwa muziki wa gereji, kwa sababu vijana wengi walijifunzia katika mabanda ya magari ya wazazi wao. Na miaka ya 1970 wakosoaji wakaanza kuuita punk. Basi mshitaki ana ushahidi wa kutosha wa kelele. Je, anao ushahidi wa utupu?

Tuutazame wimbo wa kwanza, The Witch, uliotangulia kutoka peke yake mwaka 1964. Kiini chake ni noti chache tu, zinazorudiwa na vyombo vyote kwa umoja, kama watu wanaobisha mlango mmoja. Katika Psycho vyombo vyanyamaza ghafla, mwimbaji akaachwa na ngoma peke yake, kisha wote warudi kwa pigo moja. Mtu asiyejua mahali pa kunyamaza hawezi kufanya hivyo. Fujo ya kweli haina kituo, lakini fujo ya vijana hawa ina kituo, ina mizani, na ina mwisho. Hapo ndipo debe na ngoma vinapoachana: debe huvuma kwa kuwa limegongwa, na ngoma huvuma kwa kuwa mtu ameamua namna ya kuipiga.

Tena umbo lalingana na maana. Roslie ndiye aliyetunga Psycho, ambamo mpenzi amerukwa na akili, na Strychnine, ambamo kijana ajisifu kwamba sumu yamwia tamu kuliko vinywaji vya watu wengine. Mambo kama hayo yakiimbwa kwa sauti laini yangekuwa upuuzi. Yakiimbwa kwa sauti iliyopasuka, yawa picha ya ujana usiojua uchukue nguvu zake uzipeleke wapi.

Hata hivyo mhakiki mwadilifu hawezi kuishia katika sifa. Kati ya nyimbo 12 za santuri hii, nane ni za kuazima. Mmoja ni wa The Wailers; saba zilijulikana kwanza kwa waimbaji weusi wa Marekani, akina Chuck Berry, Little Richard, Ray Charles, Rufus Thomas, Richard Berry, Barrett Strong na The Contours. Hata yowe la Roslie, ambalo ndilo fahari ya santuri, ni mwana wa yowe la Little Richard. Naye Little Richard alikiri kwamba mlio wake mashuhuri aliupata kwa Marion Williams, mwimbaji wa nyimbo za dini. Yowe hilo basi lilitoka kanisani, likapita dansini, ndipo likafika Tacoma.

Kuazima si kuiba. Hakuna fani isiyoazima. Lakini yafaa tukumbuke kwamba mwaka huo huo wa 1965 watu weusi waliokuwa wakidai haki ya kupiga kura walipigwa marungu na polisi katika daraja la Edmund Pettus, mjini Selma. Yowe moja lilikuwa na gharama mbili: kijana mweupe aliweza kulipiga kwa mchezo, kisha akarudi nyumbani salama. Simlaumu Roslie kwa jambo hilo, kwa kuwa hakuliumba. Namlaumu msikilizaji anayesema kwamba ukali huu ulizaliwa gerejini, bila kumtaja mama aliyeuzaa.

Na kuna kasoro nyingine. Katika Roll Over Beethoven, ucheshi na wepesi wa maneno ya Chuck Berry vyakanyagwa na miguu ya ngoma; nguvu imeongezeka, akili imepungua. Tena mwanamke wa The Witch hana sauti yake. Yeye ni mgeni wa kuogopwa, na kosa lake hatulisikii kutoka kinywani mwake. Ujana wa watungaji waeleza jambo hili, lakini haulifuti.

Nikizipima sifa na kasoro pamoja, naona nyimbo nne za Roslie mwenyewe, yaani mbili nilizozieleza pamoja na The Witch na Boss Hoss, ndizo zinazoibeba santuri. Humo vijana hawa hawashindani na wakubwa wao. Wameutwaa urithi wakausemesha jambo lao. Mwaka 1967, walipotoa santuri iliyosafishwa na kulainishwa huko Hollywood, ule ukali ulitoweka, wala hapakuingia kitu cha kujaza nafasi yake. Kasoro za mwanzo zilikuwa sehemu ya umbo. Zilipoondolewa, umbo likaanguka. Si ajabu kwamba walipokutana tena na kutoa santuri mpya mwaka 2015, wazee kwa vijana waliwadai ukali ule ule wa kwanza.

Lakini mwanafunzi asijifunze hapa kwamba ukwaruzo ni cheti cha ukweli. Wako wengi waliopiga kelele baada yao, na kelele zao zimekufa. Kelele ya The Sonics yaishi kwa sababu ilipangwa, na kwa sababu ilikuwa na jambo la kusema ambalo sauti ya chini isingeweza kulibeba. Tukikutana na kazi ivumayo, tusizibe masikio wala tusipige makofi upesi. Tuiguse kwanza kwa vidole, tusikie kama imewambwa ngozi.