Mwigizaji Aliyeiva Utamjuaje? Mpime kwa Katharine Hepburn

Kulia na kufoka mbele ya kamera hakuthibitishi mengi. Hata chipukizi huweza. Mwigizaji aliyeiva hujulikana zaidi pale mwenzake anapozungumza na yeye amenyamaza. Katharine Hepburn (1907–2003), Mmarekani aliyedumu jukwaani na kwenye sinema zaidi ya miaka 60, anafaa kutunoa macho.

Anasikiliza? Anza na The African Queen (1951), ambayo sehemu kubwa ilipigwa Kongo na Uganda. Rose (Hepburn), dada wa mmisionari, anamimina mtoni chupa za pombe ya jini za nahodha wa mashua, Charlie (Humphrey Bogart), moja baada ya nyingine. Uso hauna ghadhabu. Anaifanya kama kazi ya kila siku, na ndiyo maana inamuuma Charlie. Baadaye Charlie anabembeleza, analalamika, anafoka. Rose anasoma Biblia yake. Hana neno, lakini tukio zima liko mikononi mwake.

Ameuvaa uhusika? Mwongozaji John Huston alimshauri aazime tabasamu la Eleanor Roosevelt, aliyekuwa mke wa rais wa Marekani, lile alilowatembelea nalo wanajeshi majeruhi. Kuazima si kosa. Angalia kama kilichoazimwa kimekuwa mali ya mhusika. Kwa Rose, tabasamu hilo ni ngao ya mwanamke aliyelelewa kutoonyesha hofu.

Anajua kupima kasi? Mwaka 1938 wenye majumba ya sinema walimtaja miongoni mwa nyota wanaofukuza wateja. Akarudi jukwaani. Tamthilia ya The Philadelphia Story, iliyofunguliwa Broadway mwaka 1939, ilichezwa mara 417 kabla hajaigiza katika filamu ya tamthilia hiyo ya 1940. Sikiliza anavyotiririsha maneno halafu akakata ghafla. Mahali pa kukata vile hufundishwa na vicheko vya watazamaji walio hai, usiku baada ya usiku.

Mikono inasema nini? Katika Long Day's Journey into Night (1962) ni Mary Tyrone, mama mraibu wa mofini anayeionea haya mikono yake iliyoharibiwa na baridi yabisi. Mdomo unakana kila kitu, vidole vinakiri. Mwigizaji dhaifu angeuonyesha uraibu kwa macho ya kulegea tu.

Itazame kila filamu mara mbili: kwanza ufuate hadithi, kisha uzime sauti. Ukiwa bado unaelewa nani anamdanganya nani, kazi ni nzuri.

Wala usianzie kwenye orodha ya washindi. Hepburn alitwaa Oscar nne za mwigizaji bora wa kike, idadi ambayo hakuna mwigizaji mwingine aliyeifikia. Kwa Rose na kwa Mary Tyrone aliteuliwa, akakosa zote mbili.