Neno Moja la Kiingereza, Dhana Nne za Kiswahili

Hivi karibuni tuliletewa fomu ya chama kimoja cha akiba na mikopo, iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza, ili tuzipitie istilahi zake. Kila palipokuwa na neno 'interest', mfasiri aliandika 'faida'. Matokeo yake, kifungu kimoja kilimtaka mkopaji alipe faida kila mwezi, na kingine kilimkataza mjumbe 'mwenye faida katika ombi la mkopo' kushiriki katika kuliamua. Msomaji angeuliza: faida ya nani? Na mjumbe aliyemwidhinishia nduguye mkopo angeweza kujitetea kwamba yeye hakupata faida yoyote.

Chanzo cha mkanganyiko huu kimo katika neno lenyewe. 'Interest' limetokana na Kilatini, kwa kitenzi chenye maana ya 'kuwa kati', na kwa hiyo 'kuhusu' au 'kuwa na uzito'. Wanasheria wa Ulaya ya zama za kati walilitumia kwa fidia aliyodai mkopeshaji kwa hasara iliyompata mdaiwa alipochelewa kulipa. Kwa kuwa Kanisa lilikataza riba, malipo ya mkopo yalipata kujificha chini ya jina hilo la fidia. Huko Uingereza, sheria ya mwaka 1545 iliyaruhusu malipo hayo mradi yasizidi asilimia 10; ruhusa hiyo ikafutwa mwaka 1552, ikarejeshwa mwaka 1571. Maana ya hamu ya kujua jambo ilikuja kushika baadaye, katika karne ya 18.

Kiswahili hakikupita njia hiyo. Sisi tunalo neno 'riba', ambalo asili yake ni Kiarabu na maana yake ya awali ni ziada. Wapo wanaoliepuka kwa sababu Kurani imeharimisha riba, wakaona 'faida' ni neno la staha zaidi. Nia yao yaeleweka, lakini kazi ya istilahi ni kufahamisha, si kustahi. Faida ni kile kinachosalia gharama zikishatolewa katika mapato. Huenda ikapatikana au ikakosekana. Riba hulipwa hata kama mkopaji amepata hasara. Tena Mwislamu anayejiepusha na riba ndiye wa kwanza kudhulumiwa na fomu inayoificha.

Kamusi nyingi za lugha mbili huviorodhesha visawe vya neno hili pamoja, bila kueleza kipi kitumike wapi. Naye mfasiri mwenye haraka huchukua cha kwanza. Tunapendekeza malipo ya mkopo yaitwe 'riba'. Jambo linalomgusa mwamuzi hata likatilia shaka uadilifu wake liitwe 'maslahi', kama tunavyokwisha kuzoea katika 'mgongano wa maslahi'. Fungu la mtu katika ardhi au mali liitwe 'haki'. Na mvuto wa moyo uitwe 'hamu'. 'Faida' ibaki kuwa pato la biashara, na sehemu yake wanayogawiwa wenye hisa iendelee kuitwa 'gawio'.

Fomu ile tuliirudisha ikiwa na masahihisho. Wanaoitia sahihi wengi wao hawatauona kamwe mwandiko wake wa Kiingereza. Kiswahili chake ndicho mkataba wao.