Rafiki: Tulinyimwa Hata Haki ya Kuikosoa

Huku Majengo, taja Rafiki barazani uone. Mmoja atakwambia ni filamu chafu, mwingine atakwambia ni filamu ya kishujaa. Waulize sasa Kena anataka kusomea nini, au Ziki anapelekwa wapi. Kimya. Wengi wanaijua kesi. Filamu yenyewe hawajaiona.

Na wangeionea wapi? Tarehe 27 Aprili 2018 Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya (KFCB) iliipiga marufuku kazi hii ya Wanuri Kahiu, ikisema inaendeleza usagaji kinyume cha sheria. Mwezi uliofuata ikaonyeshwa Cannes, filamu ya kwanza ya Kenya kuteuliwa katika tamasha lile. Wageni wakaitazama, wenyewe tukabaki kusimuliwa. Septemba, Jaji Wilfrida Okwany wa Mahakama Kuu akaifungulia mlango siku 7 tu, iweze kuwania Oscar. Nairobi, watu wakajaza ukumbi wa Prestige. Mwaka 2020 mahakama hiyohiyo ikaiunga mkono marufuku.

Basi ni filamu gani hii? Kena na Ziki ni mabinti wa wanasiasa wawili wanaoshindana mtaani. Kena anataka kuwa nesi; Ziki anamuuliza kwa nini asiwe daktari. Mapenzi yao yanaanzia hapo, unaona, mtu anapokuona mkubwa kuliko unavyojiona. Wanajificha ndani ya gari bovu lililotelekezwa. Anayetafuta uchafu atatoka mikono mitupu. Tamthilia za jioni zinaonyesha zaidi.

Kwa maelezo ya Kahiu, kilichoisumbua bodi ni mwisho. Alitakiwa aubadilishe, uonyeshe majuto, akakataa. Hebu fikiria. Wasichana wanapigwa na umati, Ziki anasafirishwa London. Hayo yangepita. Kisichopitika ni mkono wa Ziki, miaka baadaye, kutua begani mwa Kena. Kipigo sawa, tumaini hapana.

Mimi pia nina malalamiko, ila si hayo. Siasa za wale akina baba ni pazia tu. Hazina joto la kampeni tunazozijua. Ziki amechorwa kwa nywele na rangi kuliko kwa nafsi, ilhali Samantha Mugatsia, aliyetuzwa mwigizaji bora wa kike FESPACO 2019, anambeba Kena kwa macho tu. Hadithi fupi iliyoizaa filamu, Jambula Tree ya Monica Arac de Nyeko, ina uchungu wa mtu anayezungumza na aliyeondoka. Filamu imeupunguza uchungu huo kwa urembo.

Lakini nani wa kubishana naye? Marufuku imeigeuza filamu kuwa bendera. Ukiikosoa, umesimama na bodi. Ukiisifu, unaulizwa wewe ni nani hasa. Katikati, pale mkosoaji anapofanyia kazi, hapana nafasi. Na yote haya kwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, iliyotungwa 1962, kabla bendera ya Kenya haijapandishwa. Mkoloni aliogopa tutakachokiona. Waliomrithi wanaogopa nini?

Sisi Pwani tumelelewa kwenye taarab. Tangu utotoni tunajua fumbo linamlenga nani, na tunajua kucheka, kununa au kuinuka tukaenda zetu. Watu kama hao waonyeshwe filamu, halafu waachiwe waikatae wenyewe.