Jezi Iliyoungua Pasi: Jinsi ya Kuijua Kazi ya Fundi

Januari 2016 Rubavu, hapa Rwanda, ilipokea mechi za kundi D za mashindano ya soka ya CHAN, na kwa majuma kadhaa barabara za kwenda uwanja wa Umuganda zilijaa rangi za Uganda, Mali, Zambia na Zimbabwe. Wauzaji walitembea na jezi mabegani. Nilinunua ya Uganda, nyekundu, namba nyeupe mgongoni. Niliivaa miaka mingi, mpaka msimu mmoja wa mvua, kamba ya nguo ikiwa imelowa siku ya tatu mfululizo, mtu wa nyumbani akaamua kuikausha kwa pasi ya mkaa. Pasi iliponyanyuliwa, kitambaa kilinyanyuka nayo. Chini ya namba kukabaki umbo la ncha ya pasi, gumu na lenye kung'aa, na katikati yake tundu la kupitisha kidole gumba.

Ajali hii si ya uzembe. Katika nchi zetu wengi tumelelewa kupiga pasi kila kilichoanikwa nje, hata chupi na soksi, kwa sababu yupo inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi na funza wake huingia ngozini. Mama aliyepiga pasi jezi ya mwanawe alikuwa anamlinda. Tatizo ni kwamba desturi hiyo ilizaliwa wakati nguo zilikuwa pamba, na jezi ya leo si pamba.

Jezi ya leo ni poliesta, na poliesta ya nguo ni plastiki ya aina moja na ile ya chupa ya maji, imevutwa ikawa uzi, uzi ukafumwa vitanzi. Pamba ikizidiwa na moto hugeuka kahawia, kisha huungua ikawa majivu. Poliesta huyeyuka. Kwenye nyuzi joto 230 hivi huanza kulainika na kunata, na ikifika 260 imekwisha kuwa uji. Lebo ya ndani ya nguo huonyesha picha ya pasi yenye nukta: nukta moja ni kama nyuzi 110, mbili kama 150, tatu kama 200. Jezi nyingi zina nukta moja, au pasi iliyochorwa msalaba. Pasi ya mkaa haina kidude cha kupunguza moto. Inachokijua ni mkaa ulioko tumboni mwake.

Nimeeleza hayo kwa sababu hukumu yote ya kazi ya fundi inatokana nayo. Plastiki iliyoyeyuka na kuganda hairudi kuwa uzi. Hakuna siki, sabuni, limau wala mvuke utakaoifanya irudi. Anayekuahidi kuiponya jezi iliyoganda bila kuikata hajui anachokishika, au anajua na anataka hela yako.

Mimi niliipeleka yangu kwa mzee mmoja anayeshona karibu na soko la Mbugangari. Nilikuwa nimejiandaa kubishana juu ya bei. Hakutaja bei. Aliigeuza jezi ndani nje, akapitisha kidole kuzunguka alama ya pasi polepole, akaivuta kwa upana, akaivuta kwa urefu, kisha akaniuliza, "Unaichezea mpira, ama unaivaa tu?" Nikamwambia, mzee, naichezea Jumapili. Akasema, "Basi hii tunakata, mwanangu. Tunakata mpaka tufike kwenye nyama nzima."

Kipimo changu cha kwanza tangu siku ile ni hicho: fundi anaanza na nini. Anayeanza na kidole na swali ni fundi. Anayeanza na gundi, muage.

Kuna jezi zisizohitaji kukatwa. Pasi ikigusa kidogo tu, nyuzi za juu hulala na kubanwa, mahali pale pakang'aa kama pamepakwa mafuta, lakini ukipashika bado ni laini na panavutika. Hapo mvuke wa maji ya moto na brashi laini vinaweza kupunguza mng'ao. Kupunguza, si kuondoa. Fundi mkweli atakuambia hivyo kabla hujalipa. Kwenye jezi nyeupe hakuna atakayeuona. Kwenye nyeusi au ya buluu iliyokoza utaonekana kila jua linapopiga pembeni, na ushauri wangu ni kuiacha hivyo hivyo, kwa kuwa kiraka kitaonekana zaidi.

Palipoganda ni habari nyingine. Pakunje: pakifanya mstari mweupe au pakilia kama karatasi, pamekufa. Ukishona juu yake, ukingo ule mgumu utakwangua ngozi yako dakika tisini, na baada ya kufuliwa mara chache utapasuka pembeni ya mshono. Ndiyo maana fundi mzuri hukata tundu kubwa kuliko lile ulilomletea. Wateja wengi hukasirika wakiona mkasi unavuka alama ya pasi. Wasikasirike. Huo upana wa ziada ndio unaofanya kiraka kidumu.

Sasa tuseme kazi imekwisha na jezi iko mkononi mwako. Usiitazame kwa mbele. Igeuze.

Wanaozijua kofia za kiua za Zanzibar hawakubali kuuziwa kwa kutazama juu tu. Huinua kofia mwangani wakaona vitobo kama vimelingana na uzi kama umezungushwa sawasawa. Jezi iliyotengenezwa nayo ina ndani yake, na huko ndani fundi hawezi kukudanganya. Tazama ukingo wa kiraka. Unatakiwa uwe mwembamba, umefungwa kwa uzi mduara wake wote, bila vinyuzi vinavyoning'inia. Kisha weka mahali pale kwenye upande wa ndani wa mkono wako, pale kwenye mshipa, usugue. Ngozi ya hapo husema mapema. Ukihisi kitu kama punje za mchanga, jua kwamba ukingo ulichomwa kwa mshumaa au kiberiti ili usifumuke. Ni njia ya haraka, na inafanya kazi kwenye kamba ya nailoni. Kwenye jezi inarudisha tena ule ugumu tuliokata.

Halafu uivute. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote, na wengi hawakifanyi kwa kuogopa kuharibu kazi mpya. Kitambaa cha jezi kimefumwa kwa vitanzi, kwa hiyo hunyumbuka, na kwa kawaida hunyumbuka zaidi kwa upana kuliko kwa urefu. Kiraka lazima kinyumbuke pamoja nacho na kwa upande uleule. Shika sentimita kumi kila upande wa mshono, vuta mpaka jezi itanuke kama ilivyo mwilini mwa mchezaji anayenyoosha mikono. Ukisikia mlio mdogo, tak, uzi umekatika: mshono ulikuwa wa kunyooka na mrefu, mzuri kwa shati la ofisini. Ukiona jezi inavutika na kiraka kimesimama kama ukuta, kitambaa hakikulingana. Ukiachia na mshono ukabaki na mawimbi, fundi alikivuta kitambaa wakati wa kukishona. Mawimbi hayo hayanyooki kwa kufua, na kwa pasi ndiyo kabisa usijaribu.

Hapa niwatetee mafundi wa barazani. Watu husema jezi haiwezi kushonwa ipasavyo bila ovaloki. Ni kweli kwamba ovaloki, au hata cherehani yenye mshono wa zigizaga, hurahisisha. Lakini nimeona kazi safi iliyotoka kwenye cherehani ya mguu, ile nyeusi ya zamani inayoshona mstari mmoja tu: fundi alitumia mshono mfupi sana, akakipa kitambaa uhuru kidogo kadiri sindano ilivyokwenda, pembe akazimalizia kwa mkono kwa kurudia nyuma kila hatua. Niliivuta mara ishirini. Haikulia. Ukweli ni kwamba sindano ina uzito kuliko mashine. Sindano ya ncha kali hukata vitanzi, na sindano ya ncha butu huvisogeza ikapita katikati yake. Inua mshono juu ya mwanga, uuvute kidogo: ukiona vitundu vinavyopanuka kandokando ya uzi, vitanzi vimekatwa, na kila kufua kutaongeza tundu.

Tukija kwenye kitambaa cha kiraka, hapo ndipo uzoefu wa fundi unapoonekana wazi. Kosa la kawaida ni kukata fulana ya pamba yenye rangi inayofanana. Kwa macho inapendeza siku ya kwanza. Ila pamba hubeba unyevu wa karibu asilimia 8 ya uzito wake hewani, na poliesta haifiki hata asilimia moja. Kipindi cha pili kiraka kitakuwa kimelowa kwa jasho na kuning'inia, jezi nyingine ikiwa imekwisha kukauka. Baada ya miezi kadhaa pamba itapauka kwa namna yake. Afadhali kukata jezi nyingine kuukuu, hata feki. Sokoni kwetu zipo, ingawa caguwa, yaani mitumba, imepanda bei tangu Rwanda ilipoongeza ushuru wa nguo zilizovaliwa mwaka 2016, kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo.

Bora kuliko yote ni alichokifanya mzee wangu. Alikata kiraka kwenye mkia wa jezi yenyewe, ile sehemu ya nyuma inayoingia ndani ya bukta, na pale kwenye mkia akaweka kitambaa cha jezi nyingine. Rangi ya mgongoni ikalingana bila kubahatisha, kwa maana ilikuwa imefuliwa siku zilezile na kupigwa na jua lilelile. Kasoro ikahamia mahali pasipoonwa na mtu. Kisha akageuza kiraka mpaka mistari ya vitanzi ikaelekea juu na chini kama ya mgongo. Fundi asiyejali mistari hiyo huweka kiraka ubavu, na mwanga ukipiga, kiraka huonekana cheusi kidogo au cheupe kidogo ingawa rangi ni moja. Rudi nyuma hatua nne, inamisha kichwa, utaiona tofauti mara moja.

Nembo ya kufunika je? Kuna wanaoshona nembo iliyodariziwa juu ya tundu, na sina ugomvi nao ikiwa mambo mawili yametimizwa: palipoganda pamekatwa chini yake, na nembo imekaa mahali ambapo jezi ingeweza kuwa na nembo, begani au kifuani. Nembo iliyotua katikati ya tumbo inatangaza ajali kwa uwanja mzima. Na ile inayobandikwa kwa gundi na kupigwa pasi siipendi kabisa. Inaziba hewa, pembe zake huinuka, na inamwita mwenye pasi arudi kazini.

Namba ina sheria zake. Namba za siku hizi ni utando mwembamba wa plastiki uliobandikwa kwa mashine ya joto. Pasi ikiukunja au kuutia malengelenge, hautengenezeki. Hung'olewa wote ukabandikwa mwingine. Pima kazi hiyo kwa ukucha kwenye pembe za ndani za namba, kama vile tumbo la 4 au la 8, maana huko ndiko hubanduka kwanza. Vuta kitambaa uone kama utando unafuata au unapasuka. Tafuta pia kivuli cha namba ya zamani kikichungulia kando ya mpya.

Lipo jambo moja lisilo na dawa, na ni vizuri mteja alijue kabla hajamlaumu fundi. Rangi ya poliesta hukaa ndani ya uzi kwa amani mpaka joto lipande sana. Hapo hugeuka mvuke na kuhama. Ikikuta kitu cheupe juu yake, hukipenya. Namba nyeupe juu ya jezi nyekundu hubadilika kuwa ya waridi, na haioshwi ikatoka. Mzee alinionyesha hilo kwenye yangu siku ya kwanza, upande wa chini wa namba, akasema hataligusa kwa sababu angeibadilisha namba yote, na ile ya asili bado ilikuwa imeshika vizuri. Nilimwamini kwa ajili ya kile alichokataa kukifanya.

Ukienda kwa fundi usiyemjua, hapa Rubavu, Goma au popote, mwombe akuonyeshe kazi iliyokwisha kuvaliwa na kufuliwa. Kazi iliyotoka mkononi leo haisemi mengi. Na ukiichukua jezi yako, usiipige pasi tena: ianike kivulini juu ya hanga, na ikibidi kuigusa na moto kwa sababu ya inzi, weka kitambaa cha pamba katikati, geuza jezi ndani nje, tumia moto wa nukta moja, na usipite juu ya namba.

Yangu ina miaka mitano tangu ikatwe. Kiraka hakijafumuka hata kitanzi kimoja. Namba ingali ya waridi upande wa chini.