Hisani au Haki: Kumpima Mtawala Asiyependwa

Swali la tathmini ya uongozi hupendwa sana na watahini wa Karatasi ya Tatu, nalo hujibiwa kwa pupa na watahiniwa wetu. Mpe mwanafunzi Majoka, mtawala wa Sagamoyo katika tamthilia ya Kigogo (Pauline Kea, 2016), umwambie atathmini uongozi wake. Atakujazia kurasa mbili za maovu: ni katili, ni fisadi, ni mpyaro, ana tamaa, anafunga soko, anaangamiza wapinzani. Kila hoja ina mfano, kila mfano umo kitabuni, na alama atapewa. Ila neno "tathmini" lenyewe litakuwa halijaguswa. Mwanafunzi ameorodhesha, hajapima.

Kosa hili si la wanafunzi pekee. Sisi walimu ndio tuliowazoesha kwamba mhusika mbaya ana hoja za ubaya tu, na kwamba anayetaja jema la mtawala dhalimu anamtetea. Makala hii inanuia kuupinga mtazamo huo. Mema ya mtawala asiyependwa si utetezi wake. Ni sehemu ya ushahidi, na aghalabu ndiyo sehemu inayofichua zaidi, maadamu msomaji atauliza yalitolewa kwa njia gani. Nitaanza nje ya kitabu, kwa rais halisi ambaye sisi walimu wa Kiswahili tuna deni kwake tusilopenda kulitaja, kisha nirejee Sagamoyo.

Daniel arap Moi aliitawala Kenya tangu 1978 hadi 2002. Kwamba hakupendwa na wengi si uvumi. Katika uchaguzi wa vyama vingi wa 1992 alipata takriban asilimia 36 ya kura, na mwaka 1997 takriban asilimia 40. Mara zote mbili waliomkataa walikuwa wengi kuliko waliomchagua, naye akapita kwa kuwa wapinzani wake waligawanyika. Lakini ni chini ya utawala huo huo ambapo tume ya Colin Mackay iliteuliwa mwaka 1981 na kupendekeza chuo kikuu cha pili pamoja na mfumo mpya wa elimu. Chuo Kikuu cha Moi kikaanzishwa 1984. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kikawa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na za upili. Uondoe uamuzi huo na jarida la aina hii halina wasomaji. Wengi wetu tusingekuwa na ajira.

Sasa tuutazame upande wa pili. Alamin Mazrui alichapisha tamthilia yake, Kilio cha Haki, mwaka 1981. Mwaka uliofuata, akiwa mhadhiri katika Chuo cha Kenyatta, aliwekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka. Mashairi ya kipindi hicho yalitolewa 1988 katika diwani ya Chembe cha Moyo. Katama Mkangi, mwandishi wa Ukiwa na Mafuta, naye alitiwa kizuizini mwaka 1986. Riwaya yake ya Walenisi ilitoka 1995. Yaani Kiswahili kilifanywa cha lazima darasani, na baadhi ya waliokitumia kusema ukweli wakafungiwa. Je, rais huyo alikikuza Kiswahili au alikidhulumu?

Kuna majibu mawili mepesi. La kwanza ni kufuta upande mmoja, kama afanyavyo mtahiniwa wa Majoka. La pili husikika sana matangani na katika vikao vya wazee: alikosea hapa, akajenga pale, ukijumlisha na kutoa utapata mtawala wa wastani. Jibu hili hujifanya lina haki lakini halina maana. Ni pakiti ngapi za maziwa zinazoweza kulipia usiku mmoja wa mtu aliyesimamishwa ndani ya maji katika vyumba vya chini vya jumba la Nyayo? Vitu hivyo havina kipimo kimoja, na anayevijumlisha amekwisha kukosea kabla ya kupata jawabu.

Nimetaja maziwa kwa sababu. Mpango wa maziwa ya bure kwa wanafunzi wa shule za msingi ulianza 1979. (Sisi tuliozaliwa baadaye tumehadithiwa tu habari za pakiti zile za pembe tatu.) Maziwa yale yalikuwa mema. Watoto wengi walikwenda shuleni kwa ajili yake, na asiyelikubali hilo anajidanganya. Lakini tuyasome kama tunavyosoma kifungu cha fasihi: yaliitwaje? Yaliitwa maziwa ya Nyayo. Kulikuwa pia na mabasi ya Nyayo, wadi za Nyayo hospitalini, maeneo ya chai ya Nyayo. Fedha ni za mlipa kodi, jina ni la rais. Hapo pana kazi ya uteuzi wa msamiati ambayo hakuna mwalimu wa fasihi anayestahili kuipita. Ukinywa maziwa yaliyotokana na kodi ya baba yako, hayo ni haki yako. Ukiyanywa kwa jina la mtu, umefanyiwa hisani, na aliyefanyiwa hisani hatazamiwi kuuliza maswali. Mwezi Septemba 1984 rais aliwataka mawaziri wake na wengineo waimbe kama kasuku wimbo anaouimba yeye, kama alivyouimba yeye wa Kenyatta. Wengi waliicheka tashbihi hiyo. Mimi naiona ni ya kweli kabisa: kasuku hulishwa, na hulishwa kwa kuwa anaimba. Maziwa na wimbo vilikwenda pamoja.

Haya ndiyo yanayounganisha mema na maovu ya kipindi kile bila kuyajumlisha. Mwaka 1982 katiba ilirekebishwa, Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kisheria. Mwaka 1988 wapiga kura walipanga foleni nyuma ya wagombea, katika ule uchaguzi wa mlolongo, na aliyepata asilimia 70 katika mchujo akahesabiwa kuwa amepita bila kupingwa. Mwaka huo huo majaji waliondolewa kinga ya kazi zao, wakarudishiwa 1990. Ukitazama vizuri, kila hatua iligeuza haki kuwa hisani. Mbunge alikaa bungeni kwa hisani, jaji akakaa mahakamani kwa hisani, mwandishi akatembea huru kwa hisani. Kiswahili nacho tulipewa kwa mtindo huo huo, ndiyo maana haikuonekana ajabu kwa mtoaji kumfunga aliyekitumia bila ruhusa.

Turudi Sagamoyo. Sisemi kwamba Majoka ni Moi. Mwanafunzi anayeandika hivyo katika mtihani anajitafutia balaa, na tamthilia yenyewe haimpi idhini hiyo. Ninalosema ni kwamba Kea ameuona mtindo huu wa utawala na kuuchora kwa ustadi ambao wasahihishaji wengi hatukuupa haki yake kitabu kilipokuwa teule. Angalia majina: kampuni ni Majoka na Majoka, shule ni Majoka na Majoka. Angalia keki. Kenga anawapelekea Sudi, Boza na Kombe keki ya sherehe za uhuru kule karakanani wanakochonga vinyago. Boza na Kombe wanaila. Sudi anaikataa akiiona kuwa ni makombo. Watahiniwa wengi walilitumia tukio hili kuthibitisha kwamba Sudi ni mwenye msimamo, wakaondoka. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuniuliza kama Sudi angekula iwapo angeletewa keki nzima. Ni swali zuri kuliko mengi ya mitihani ya majaribio. Nionavyo mimi, asingekula. Uhuru ni wa Wanasagamoyo wote, hivyo haiwezekani mtu mmoja akawa ndiye anayewakatia vipande, viwe vidogo au vikubwa.

Ashua analipia somo hilo kwa mwili wake. Ni msomi, ana watoto wenye njaa, soko la Chapakazi alikochuuzia limefungwa. Majoka aliwahi kumwahidi kazi katika shule yake, Ashua akakataa. Anapokwenda ofisini kuomba msaada, mtawala anaona nafasi ya kutimiza ashiki yake, na kisa kinaishia Ashua akiwa seli, huku kifungo chake kikitumiwa kumshinikiza Sudi akubali kuchonga kinyago cha shujaa. Kazi ingekuwa jambo jema? Bila shaka. Shule ni jambo jema? Ndiyo. Mtahiniwa asiogope kuyasema hayo. Akiyasema, ndipo atakapoweza kueleza kwa nini mwanamke mwenye njaa aliikataa ajira, na hapo atakuwa ameutathmini uongozi wa Majoka kwa undani kuliko aliyeandika neno "katili" mara tano.

Walimu wakongwe hawahitaji Kigogo kuwafunza hili. Mwaka 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi wa Desemba, mgomo wa walimu ulimalizika kwa makubaliano ya nyongeza ya mishahara ya kati ya asilimia 150 na 200, itakayolipwa kwa awamu. Awamu ya kwanza ililipwa. Uchaguzi ukapita, serikali ikasema haina fedha za awamu zilizobaki, na 1998 walimu wakagoma tena. Katika tamthilia, Majoka naye anajua hesabu ya kuongeza mshahara kwa mkono mmoja na kodi kwa mwingine. Nimewasikia wenzangu wakicheka wanapofundisha sehemu hiyo, kicheko cha mtu anayekumbuka.

Lipo jambo moja ambalo tamthilia zetu hazikulitabiri, na uadilifu unatudai tuliseme. Katika Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia (2001), Bokono wa Butangi anaishia mikononi mwa raia. Majoka naye anaachwa na watu wake, hata Kingi anakataa kuamuru umati upigwe risasi. Hitimisho hizi zinaridhisha jukwaani. Lakini mwaka 2002 Moi alitii ukomo wa mihula miwili. Mgombea aliyempendekeza alishindwa na Mwai Kibaki, na tarehe 30 Desemba alikabidhi madaraka katika bustani ya Uhuru mbele ya umati uliomzomea na kumrushia matope. Aliondoka akaenda nyumbani. Hili halikuwa hisani. Katiba ilimtaka afanye hivyo. Hata hivyo kulikuwa na marais wengi barani wakati huo waliokuwa na katiba na hawakuondoka. Nalihesabu kuwa jema lake kubwa kuliko maziwa, kwa kuwa halikubeba jina lake.

Alipofariki Februari 2020, alizikwa kwa heshima zote za kitaifa, na sifa zilimiminika hata vinywani mwa watu waliowahi kuteswa na utawala wake au kuukimbia. Wanafunzi wetu wa leo, waliozaliwa baada yake, wanazijua sifa hizo kuliko wanavyomjua Mazrui au Mkangi. Wakija darasani na kauli kwamba enzi za Nyayo zilikuwa njema, mwalimu asiwakemee. Awaulize: njema kwa nani, na zilitolewa kwa sharti gani?

Kwa upande wa mtihani, napendekeza tubadilishe utoaji wa maswali. Badala ya "Thibitisha kuwa Majoka ni kiongozi mbaya", ambalo tayari limetoa hukumu, tuulize: "Eleza mambo manne ambayo Majoka anawapa au kuwaahidi Wanasagamoyo, na uonyeshe anachotaka katika kila moja." Hoja ziko tele: keki, kazi, nyongeza ya mshahara, kibali cha Asiya cha kuuza pombe, na mwezi mzima wa sherehe. Mwanafunzi ataje jambo, alitolee mfano, kisha aonyeshe sharti lake. Msahihishaji atoe alama moja kwa kutaja na mbili kwa sharti, si kinyume chake.