Kitabu cha Yubilei: Ni Kumbukumbu ya Nani?

Kilabu ya gofu ya Nairobi ilianzishwa mwaka wa 1906. Mwaka wa 1935 mfalme George wa Tano wa Uingereza akaipa cheo cha « Royal », na mwaka wa 2006 ikatimiza miaka 100. Kilabu ya namna hii ikifikia yubilei, desturi ni kutoa kitabu. Na tunajua vile kinavyotengenezwa: komite inachagua mwandishi, yeye anafungua madaftari ya mikutano, anapanga orodha ya marais na washindi wa vikombe, anatia picha, basi.

Ndugu msomaji atauliza: jambo hilo linatuhusu nini? Kwetu Masisi majani ni ya ng'ombe, na Walikale ni msitu. Lakini parokia zetu, shule zetu na mashirika yetu yanafuata mfano uleule. Wakubwa wanapata kurasa nyingi. Yule aliyefyatua matofali hayumo.

Lawama yetu ni hii: kitabu kinachotoka kwa madaftari peke yake kinakumbuka tu wale walioshika kalamu. Kijana aliyebeba mfuko wa fimbo za gofu, na yule aliyekata majani kila asubuhi, wanajua uwanja pengine kuliko rais. Lakini hawakuweka sahihi popote.

Mfano bora tunao hapahapa. Mwaka wa 1956 mzee Shé-Kárisi Rureke, Munyanga wa Walikale, alimsimulia Daniel Biebuyck hadithi ya Mwindo kwa siku 12. Kitabu kilitoka California mwaka wa 1969, kazi ya Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene. Kinamtaja Rureke kwa jina, kinaeleza namna alivyosimulia, tena kinatia maneno yake ya Kinyanga. Kasoro tunayoona ni kwamba tafsiri yake ni ya Kiingereza, na wengi wa kwetu haiwafikii.

Tangu 1993 vita vimehamisha watu wetu mara nyingi, na karatasi zinapotea njiani. Wazee nao wanakwenda. Kwa hiyo komite inayotaka kutoa kitabu ianzie mlangoni kwa mzee, kabla ya kabati ya sekretari. Iandike jina lake, siku na mahali aliposema. Kisha imsomee maneno yake, akubali ama asahihishe, ndipo yapelekwe kwa mpiga chapa.